Kifafa Kisichosikia Dawa na Tiba ya Chakula

Katika maradhi yanayompata mtoto na kuitia nyumba nzima katika majonzi, machache hushinda kifafa kwa kutisha. Kwa maana homa hutanguliwa na dalili zake, na jeraha huonekana likipona au likizidi, lakini kifafa humwacha mtoto akicheza vyema asubuhi, kisha adhuhuri kikamwangusha mbele ya wenziwe, meno yameumana, macho yamepinduka na povu li midomoni, pasipo onyo ambalo mama yake angelisikia akamwahi kabla hajafika chini. Na juu ya kutisha kwake kote, maradhi haya aghalabu yana dawa, tena dawa za bei nyepesi zilizojulikana tangu enzi za babu zetu, maana fenobabitali ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, na fenitoini mwaka 1938. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, kwamba karibu 80 katika kila 100 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu, na kwamba hadi 70 katika 100 wangeishi bila ya kuanguka lau wangetambuliwa mapema na kupewa dawa ipasavyo.

Walakini muradi wa makala haya ni wale wanaosalia nje ya hesabu hiyo njema: watoto ambao dawa imepatikana, ikanywewa kwa saa yake na kwa kipimo chake, siku haikukosekana, na bado wanaanguka. Mwaka 2000 matabibu wawili wa Glasgow, Patrick Kwan na Martin Brodie, walitangaza waliyoyaona kwa wagonjwa 525. Miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kutibiwa hapo kabla, karibu nusu walitulia kwa dawa ya kwanza, na 14 tu katika 100 walitulia kwa dawa ya pili au ya tatu. Tumaini hupungua kadiri dawa zinavyoongezwa, na kwa sababu hiyo jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa iliafikiana mwaka 2010 kwamba mgonjwa aliyejaribiwa dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, akazivumilia, na zisimtulize, ahesabiwe kuwa ana kifafa sugu, na njia nyingine zitazamwe bila ya ajizi.

Na mtoto wa namna hii hutendewa nini katika miji yetu? Mara nyingi huongezewa dawa ya tatu juu ya zile mbili, pengine na ya nne, mpaka akawa mzito wa kope darasani na mzito wa ulimi nyumbani, na pamoja na uzito huo wote akaendelea kuanguka. Wako wachache ambao maradhi yao yana chanzo mahali pamoja katika ubongo, na hao upasuaji waweza kuwafaa. Kwa wengi wanaobaki ipo tiba nyingine yenye umri wa miaka 100 na zaidi, iliyokwisha kupimwa kwa majaribio ya insafu, na isiyohitaji mashine ya mamilioni. Nayo ni tiba ya chakula chenye mafuta mengi na wanga haba, ambayo wataalamu huiita lishe ya ketojeniki. Naandika kuitetea, na kudai kwamba mzazi wa Afrika Mashariki aweze kuipata katika hospitali kubwa ya nchi yake, chini ya usimamizi wa tabibu na afisa lishe, kama anavyopata dawa dirishani.

Asili ya tiba hii ni njaa. Watu wa kale walikwisha kuona kwamba mgonjwa wa kifafa akizuiwa chakula kwa siku kadhaa hutulia, na katika maandiko yanayonasibishwa na Hipokrati wa Uyunani mna habari ya mgonjwa aliyetibiwa kwa njia hiyo. Mwaka 1911 matabibu wawili wa Paris, Guelpa na Marie, walitoa taarifa ya wagonjwa 20 waliopunguziwa na kuzuiwa chakula, wakasema kuwa vishindo vya maradhi vilipoa. Lakini nani awezaye kumfungisha mtoto maisha yake yote? Asipokula hufa, na akila tena huanguka tena. Aliyelifumbua fumbo hilo ni Russell Wilder wa Mayo Clinic, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, aliyetoa rai mwaka 1921 kwamba, kwa kuwa mwili wenye njaa huyeyusha mafuta yake na kutoa vitu viitwavyo ketoni, basi yamkini mtu akalishwa, akashiba, na mwili wake ukaenenda kama mwili wenye njaa, maadamu chakula chenyewe ni mafuta kwa sehemu kubwa na wanga wake ni kidogo mno. Peterman, tabibu wa hospitali hiyo hiyo, aliandika kanuni yake mwaka 1925: protini gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, wanga gramu 10 hadi 15 kwa siku, na kinachobaki chote mafuta. Kanuni hiyo haijabadilika sana hata leo.

Kisha ikasahauliwa. Fenitoini ilipokuja, na baada yake dawa nyingine nyingi, matabibu waliona sahali kuandika kidonge kuliko kumfundisha mama kupima siagi, na kwa muda wa nusu karne tiba hii ilibaki katika hospitali chache, ikishikiliwa na watu wachache walioiamini. Miongoni mwao walikuwamo tabibu John Freeman na afisa lishe Millicent Kelly wa Johns Hopkins, Baltimore. Kwao ndiko alikopelekwa mtoto Charlie, mwana wa mtengenezaji filamu Jim Abrahams, ambaye dawa nyingi zilikuwa zimemshinda na upasuaji haukumfaa. Na baba yake habari ya tiba hii aliisoma mwenyewe maktabani, wala hakuipata kwa tabibu. Mtoto alitulia baada ya siku chache, na mwaka 1994 baba akaanzisha taasisi ili wazazi wengine wasiikute habari hiyo kwa bahati kama alivyoikuta yeye. Namwomba msomaji alifikiri sana jambo hilo. Katika nchi yenye hospitali na maktaba kila mahali, mtu mwenye mali na jina hakuambiwa. Sembuse mama wa Handeni au wa Kwale.

Habari ya mtoto mmoja haitoshi kuwa hoja, na wenye shaka walikuwa na haki ya kudai ushahidi. Mwaka 1998 Freeman na wenzake walitangaza hali za watoto 150, ambao kabla ya kuanza mlo huu walikuwa wamejaribiwa dawa zaidi ya sita kwa wastani: baada ya mwaka mmoja, 55 katika 100 walikuwa wangali wakiufuata, na 27 katika 100 walikuwa wamepunguziwa mishtuko kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100. Ikasemwa kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kwamba huenda watoto hao wangetulia wenyewe. Jawabu lilitoka London mwaka 2008, pale Elizabeth Neal, Helen Cross na wenzao walipowapigia kura watoto 145 wenye umri wa miaka 2 hadi 16, nusu wakaanza mlo mara moja na nusu wakangojea huku wakiendelea na dawa zao. Baada ya miezi 3, katika kundi la mlo watoto 38 katika 100 walikuwa wamepunguziwa mishtuko kwa zaidi ya nusu. Katika kundi lililongojea, 6 katika 100.

Sitaki kuikuza hesabu hiyo kupita kiasi chake. Waliofikia nafuu ya sehemu 90 katika jaribio la London walikuwa 7 tu katika 100, na zaidi ya nusu ya watoto wote waliopewa mlo hawakupata hata nafuu ya nusu. Lakini ikumbukwe ni watoto gani waliohesabiwa: ni wale ambao dawa zilikwisha kushindwa nao, wanaoanguka kila siku au kila wiki, ambao dawa nyingine ya kuongezwa ingewapa tumaini dogo sana. Kwa mtoto aangukaye mara kumi kwa siku, kuanguka mara nne ni kupata saa za kusoma, ni kupungua kwa makovu ya moto wa jikoni na meno yaliyovunjika, ni usiku ambao mama analala. Na yako maradhi mahsusi ambamo tiba hii hufanya vyema kuliko kawaida, kama ile mishtuko ya watoto wachanga inayowakunja mwili ghafla, na kifafa kinachoandamana na uvimbe wa kurithi katika ubongo na ngozi. Kuna hata maradhi ya kuzaliwa nayo, yaliyoelezwa mwaka 1991, ambamo sukari haiwezi kuvuka kutoka damuni kwenda kwenye ubongo ipasavyo. Kwa mtoto huyo mlo wa mafuta ndio tiba ya kwanza, na kumcheleweshea ni kumdhulumu.

Ubongo kwa desturi huendeshwa na sukari inayotokana na wanga. Wanga ukikosekana, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na mwaka 1967 watafiti wa Boston walithibitisha kwamba ubongo wa mtu aliyefunga chakula muda mrefu huzitumia ketoni hizo kama nishati yake, sawa na mpishi aliyekosa kuni akawasha makaa, na chungu kikachemka vilevile. Kwa nini ubongo unaokula ketoni huwa mtulivu zaidi, wataalamu wana rai kadhaa na hawajaafikiana. Wengine huelekea kwenye mabadiliko ya nishati ndani ya chembe za neva, wengine kwenye asidi za mafuta yenyewe ambazo huonekana kupoza neva zilizochachamaa. Kutojulikana kwa sababu yote hakuipunguzii tiba nguvu yake, maana dawa nyingi za kifafa zilitumika miaka na miaka kabla ya kujulikana zinavyofanya kazi.

Sasa tuingie jikoni, kwa kuwa humo ndimo tiba hii inamoishi au kufia. Tuseme yuko mtoto wa kilo 20, ambaye afisa lishe amemkadiria kalori 1,400 kwa siku, na mlo wake ni ule wa nguvu kamili, ambamo kila gramu 4 za mafuta hulinganishwa na gramu 1 ya protini na wanga kwa pamoja. Hesabu hutoka hivi: mafuta gramu 140, na protini na wanga pamoja gramu 35, ambazo 20 ni za protini na 15 za wanga. Igawe kwa milo mitatu, na kila mlo utakuwa na mafuta gramu 47 hivi, protini karibu gramu 7, na wanga gramu 5. Kwa macho ya mpishi hiyo ni takriban yai moja, vijiko vikubwa 3 vya mafuta, na mboga ya majani kiasi kidogo. Na mafuta yote sharti yaliwe, mpaka lile tone lililobaki sahanini likombwe, kwa sababu mafuta yaliyobaki sahanini ni dawa isiyonywewa. Gramu 5 za wanga, kwa upande wa pili, ni tonge moja dogo la ugali, au robo ya ndizi mbivu ndogo. Nimeitoa hesabu hii ili msomaji aone jinsi kipimo kilivyo chembamba. Mzazi asiichukue akaifuata, maana ya mtoto wake itakuwa nyingine.

Hapo ndipo penye ugumu wetu hasa. Meza ya Mswahili imejengwa juu ya wanga: chai ya sukari na andazi asubuhi, ugali au wali mchana, muhogo, ndizi, viazi na chapati katikati, na uji kwa mgonjwa. Mtoto anayeanza tiba hii huondolewa takriban kila kitu ambacho kwetu ndicho chakula, na kinachobaki ni kile tulichokuwa tukikiita kitoweo. Fauka ya hayo unga ndicho kitu rahisi kuliko vyote sokoni, na mafuta, mayai na samaki ndivyo vinavyoitoa jasho pochi ya maskini. Lakini hatukunyimwa kila kitu. Pwani ina nazi na samaki, bara ina parachichi, samli na siagi, mawese yamejaa Kigoma, na mchicha, kisamvu na bamia vipo karibu kila mahali, ingawa kila kimoja lazima kihesabiwe kwa tahadhari. Tangu mwaka 1971, Peter Huttenlocher na wenzake walipoeleza namna nyingine ya mlo huu, inayotumia mafuta yanayogeuka kuwa ketoni upesi, mafuta hayo hutolewa katika nazi na kokwa za mchikichi, mimea tunayoijua kwa mikono yetu. Hata hivyo mafuta ya nazi ya dukani hayana asidi hizo ila kwa sehemu ndogo, na mtu asije akaambiwa na mchuuzi kwamba kijiko cha mafuta ya nazi asubuhi hutibu kifafa.

Tena kazi ya kwanza ya hesabu imekwisha kufanywa. Tanzania ilichapisha majedwali ya viini vya vyakula vyake mwaka 2008, na Kenya ikachapisha yake mwaka 2018. Humo mtu huona, kwa kila gramu 100 za chakula cha kwetu, kiasi cha wanga, protini na mafuta kilichomo. Afisa lishe mwenye kitabu hicho na mizani ya kupima gramu hahitaji kungojea vyakula vya makopo kutoka Ulaya ndipo aanze. Anahitaji mafunzo, na anahitaji ruhusa ya wakubwa wake kutumia saa mbili na mzazi mmoja.

Walioionyesha dunia kwamba tiba hii si ya matajiri peke yao ni matabibu wa India. Mwaka 2003 Eric Kossoff wa Johns Hopkins alikuwa ametoa habari ya mlo uliolegezwa, usio na mizani wala kikomo cha protini, ambamo mzazi huhesabu wanga tu, ukianzia gramu 10 kwa siku, na kumhimiza mtoto ale mafuta kwa wingi. Mlo huo ulijaribiwa New Delhi kwa watoto 102 wenye umri wa miaka 2 hadi 14, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: baada ya miezi 3, waliopunguziwa mishtuko kwa zaidi ya nusu walikuwa 52 katika 100 kwa wenye mlo, na kati ya 11 na 12 katika 100 kwa wasio nao. Matabibu hao hawakuishia hapo. Walipoona kwamba wazazi wengi waliowajia hawakusoma sana, waliurahisisha mlo zaidi, wakatumia vikombe na vijiko vya nyumbani badala ya orodha ndefu za tarakimu, wakaujaribu pia kwa kura, na ukafaa. Mwaka 2020 wakalinganisha milo mitatu kwa watoto 170, ule mkali, ule uliolegezwa, na mwingine unaoruhusu wanga zaidi mradi uwe wa namna isiyopandisha sukari upesi. Na katika kila kundi mishtuko ilipungua, kwa wastani wa sehemu 66, 45 na 54 katika 100. Watu wanaokula wali, chapati na dengu waliweza. Sioni sababu ya watu wanaokula wali, chapati na kunde kudhaniwa kuwa hawawezi.

Nimeitetea tiba hii, na kwa hiyo ni wajibu wangu kutaja shari zake bila ya kuficha. Siku za kwanza mtoto aweza kutapika, kulegea, au kushukiwa na sukari damuni kiasi cha hatari, na ndiyo sababu kuanza kwake hutakiwa chini ya macho ya hospitali. Baadaye huja kufunga choo, mafuta kuzidi damuni, kimo kuchelewa, mifupa kudhoofu kwa uhaba wa vitamini na madini, na kwa kadiri ya mtoto mmoja katika 20, mawe ya figo. Wako watoto ambao kwao mlo huu ni sumu kabisa, waliozaliwa na nakisi ya kutoweza kuyavunja mafuta mwilini, na mtoto wa namna hiyo akilishwa mafuta bila ya kupimwa damu kwanza aweza kupoteza maisha. Kwa hiyo hakuna mzazi anayepaswa kuanza peke yake, wala kuacha dawa za mtoto ati kwa kuwa ameanza chakula. Dawa hupunguzwa na tabibu, pole pole, nafuu ikisha kuonekana. Wala mtu asidhani kwamba kumfungisha mtoto swaumu ndiko kumtibu. Mlo hujaribiwa kwa miezi 3. Usipofaa huachwa bila ya lawama kwa mtu yeyote, na ukifaa aghalabu hudumishwa miaka 2, kisha mtoto akarudishwa taratibu kwenye chakula cha wenziwe, na wengi hubaki na nafuu waliyoipata.

Jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havilisemi sana, nasi hatuwezi kulinyamazia, ni kwamba mtoto wa kwetu hali peke yake na mama yake. Anakula kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani, sinia moja na binamu zake. Na bibi, kwa mapenzi matupu, akimwona mjukuu anakatazwa andazi siku ya Idi ilhali wenziwe wanatafuna, humwita uani na kumfumbatisha kipande kiganjani. "Kipande hiki kitamfanya nini, mwanangu?" humwuliza mkwewe. Kitamfanya mengi, bibi. Andazi moja laweza kuwa na wanga unaopita sehemu ya siku nzima, na ketoni zilizojengwa kwa wiki kadhaa zikaporomoka kwa saa chache, na mtoto akaanguka usiku huo huo. Kadhalika dawa ya kikohozi yenye sukari, kadhalika peremende ya mwalimu mwema, kadhalika dripu ya maji yenye sukari ambayo muuguzi asiyejua humtundikia mtoto aliyeletwa na homa. Hivyo anayefundishwa awe ukoo mzima, na bibi awe wa kwanza, akabidhiwe mizani na aambiwe kwamba yeye ndiye mlinzi wa dawa. Maana bibi aliyekabidhiwa dhamana haivunji.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, nayo ni hoja nzito. Itasemwa kwamba katika nchi ambamo zahanati hukaa miezi bila ya fenobabitali, kuzungumzia gramu za siagi ni kumvika kilemba mtu asiye na kanzu. Nakubali kwamba dawa zitangulie. Wagonjwa wengi zaidi wangeokolewa kwa kidonge kinachopatikana bila ya kukatika kuliko kwa mlo wowote, na nisingependa hata senti moja iondolewe huko ikaletwa huku. Lakini haki ya wengi haifuti haki ya wachache. Mtoto mwenye kifafa sugu alikwisha kunywa dawa, naye hana la kungojea katika foleni ile. Na tiba anayoihitaji haigombanii fedha za vidonge. Yahitaji mtu aliyefunzwa, mizani, vijiti vya kupimia ketoni katika mkojo, na subira.

Wala mtu asinambie kwamba vijiji vyetu haviwezi tiba ya subira. Kule Mahenge, katika milima ya Wapogoro, tabibu Louise Jilek-Aall kutoka Norway alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, mahali ambapo wagonjwa walikuwa wakitengwa kwa hofu ya kuambukizwa kwa mate, hata aangukaye motoni akaogopwa kuguswa. Na watu walitembea mwendo mrefu kuja kuchukua dawa, wakarudi, wakaja tena, mwaka baada ya mwaka. Kilifi nako kumefanywa uchunguzi wa kifafa wa miaka mingi unaojulikana ulimwenguni. Watu wetu huifuata tiba ngumu pindi wanapoeleweshwa na kuheshimiwa.

Mwaka 2022 Baraza Kuu la Afya Duniani lilipitisha mpango wa miaka kumi juu ya kifafa na maradhi mengine ya ubongo, na serikali zetu zilikuwamo. Naziomba wizara za afya za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zianze na hospitali moja moja ya rufaa, na katika kila moja wateuliwe tabibu wa watoto, maafisa lishe wawili na muuguzi, wapelekwe wakajifunze kwa wanaojua, kisha wakae na majedwali yetu ya vyakula waandike milo ya kwetu, kwa Kiswahili, kwa vikombe na vijiko, ili mama wa Pemba asipewe karatasi ya malai na jibini asiyoijua. Vyuo vinavyofunza maafisa lishe viitie tiba hii katika masomo yao. Na mzazi ambaye mtoto wake amejaribiwa dawa mbili au zaidi kwa ukamilifu na angali akianguka, asibadilishe chungu chake leo wala asinunue chochote kwa mchuuzi. Aende kwa tabibu wake na karatasi yenye tarehe za kila kuanguka, amwulize waziwazi kama mwanawe anafaa kwa tiba ya chakula, na akiambiwa kwamba hospitali hiyo haina wa kumsimamia, aombe kwa adabu aandikiwe barua ya kupelekwa kwa aliye naye.